Zama za programu huria kusafiri kwa bahasha hadi Pwani Kusini

KATI ya mwaka 2005 na 2011, mkazi wa Ukunda, Msambweni au mji wa Kwale aliyekuwa na sanduku la posta aliweza kuagiza kutoka ng'ambo mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta bila kulipa hata senti. Alichohitaji ni dakika chache katika mkahawa wa intaneti ili ajaze fomu ya jina na anwani. Baada ya wiki kadhaa, bahasha ingemfikia posta, ndani yake mkiwa na sidii za Ubuntu. Hakudaiwa bei ya programu wala gharama ya kuituma. Aidha, leseni ilimruhusu kuinakili sidii ile mara nyingi kadiri alivyotaka na kuwagawia wenzake.

Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi, ingawa aghalabu husahaulika pale habari za huduma hiyo zinaposimuliwa. Kutolipa kulimnufaisha mtu mmoja aliyepokea bahasha. Ruhusa ya kunakili iliweza kuinufaisha shule nzima, na shule jirani, bila yeyote kuvunja sheria.

Huduma yenyewe iliitwa ShipIt. Iliendeshwa na kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini aliyetajirika kwa kuuza kampuni yake ya usalama wa mtandao, Thawte, mwishoni mwa mwaka 1999. Watu wengi walimfahamu zaidi kwa safari yake ya angani ya Aprili 2002. Toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka Oktoba 2004. Jina hilo la Kinguni halihitaji mkalimani Pwani: Mswahili husema mtu na utu, Mdigo husema mutu, na mzizi ni ule ule.

<b>Bure na huria</b>

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru, na utata huo umewasumbua wanaharakati wa programu tangu miaka ya 1980. Richard Stallman, Mmarekani aliyeasisi mradi wa GNU, amelazimika kueleza kwa miongo kadhaa kwamba anachokipigania ni uhuru, si ukosefu wa bei. Kiswahili kimeepushwa na mzigo huo. Bure ni bure, na huria ni huria.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Programu ya bure inaweza kubaki mali ya mwenyewe kwa ukamilifu: anakupa uitumie, lakini anakuzuia kuinakili kwa ajili ya jirani au kuifungua uone inavyofanya kazi. Programu huria hutolewa kwa leseni inayompa mtumiaji haki ya kuiendesha, kuichunguza, kuinakili na kuirekebisha. Leseni maarufu zaidi ya aina hiyo, GPL, ilitolewa mwaka 1989, na ndiyo inayoulinda moyo wa mfumo wa Linux ambao Ubuntu imejengwa juu yake.

Nchini Kenya, jambo hilo lina maana ya kisheria kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2003. Sheria hiyo huzihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Mwalimu aliyesakinisha nakala moja ya programu ya kibiashara katika mashine kumi za shule alikuwa mkosaji, hata kama nia yake ilikuwa njema na mfuko wa shule mtupu. Aliyefanya vivyo hivyo kwa sidii ya Ubuntu hakuwa na kosa.

<b>Diski tupu na stempu</b>

Desturi ya kutuma programu kwa posta ilitangulia Ubuntu kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1982, Andrew Fluegelman, mchapishaji wa California, aliandika programu ya mawasiliano aliyoiita PC-Talk. Badala ya kuiuza dukani, alimwambia kila aliyeitaka amtumie diski tupu pamoja na bahasha yenye anwani na stempu, naye angeirudisha diski ikiwa imejaa. Aliyeridhika aliombwa kuchangia dola 25, na kila mmoja alihimizwa kuwanakilia rafiki zake. Mwaka huo huo Jim Knopf, mfanyakazi wa IBM aliyejulikana kwa jina la Jim Button, aligawa programu yake ya hifadhidata, PC-File, kwa utaratibu uliokaribiana na huo.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Fluegelman, mgawaji huyo karimu, alilisajili jina la utaratibu wake kama alama ya biashara, hivyo waliomfuata wakalazimika kutafuta jina jingine.

Stallman naye aliishi kwa posta. Kuanzia mwaka 1985 aliuza kanda zenye kihariri chake cha maandishi, Emacs, kwa dola 150. Programu ilikuwa huria. Bei ilikuwa ya kanda na ya kazi ya kuituma, na aliyeipokea hakuzuiwa kuigawa. Fred Fish, kwa upande wake, alikusanya programu za kompyuta za nyumbani za Amiga na kuzipanga katika diski zenye nambari. Hadi alipokoma mwaka 1994 alikuwa amefikisha diski zaidi ya 1,000. Wapenzi wa Amiga katika nchi mbalimbali waliagiza kwa nambari tu, kama mtu anavyoagiza kitabu kwa kutaja juzuu.

Diski za wakati huo zilikuwa na tumbo dogo. Ile pana ya inchi tano na robo ilibeba kilobaiti 360, na ile ngumu ya inchi tatu na nusu iliyoenea baadaye ilibeba megabaiti 1.44. Sidii ilipokuja na megabaiti zake 700, ilibeba mzigo wa diski hizo ndogo zaidi ya 480. Ndipo ikawezekana mfumo mzima, pamoja na programu za ofisi, michezo na kivinjari, kuingia katika bahasha moja nyembamba.

<b>Kutoka Nairobi hadi ng'ambo ya Likoni</b>

Posta ya Kenya haina desturi ya kumpelekea mtu barua mlangoni. Barua huwekwa katika masanduku ya kukodi, na mwenye sanduku huenda mwenyewe na ufunguo wake. Ukunda ina msimbo 80400, Diani Beach 80401, Kwale 80403 na Msambweni 80404. Nyuma ya nambari hizo kuna watu wengi zaidi ya masanduku yaliyopo, kwa sababu familia isiyo na sanduku hutumia la shule, la msikiti, la kanisa au la mwajiri. Barua ya mwanakijiji ilipitia kwa mwalimu mkuu kabla ya kumfikia mwenyewe, naye mwalimu aliijua kabla ya mwenyewe kuiona.

Kwa hiyo, sidii iliyoelekezwa kwa mtu mmoja ilipokewa mbele ya macho ya wengi. Bahasha yenye stempu ya Ulaya ilikuwa habari. Wakazi wa Pwani walikuwa na uzoefu nayo tangu zamani, maana wasikilizaji wa idhaa za Kiswahili za kigeni walikuwa wakiandika barua na kurejeshewa kalenda, vijitabu na ratiba za matangazo. Kuagiza programu kwa anwani ile ile kulikuwa ni kuendeleza desturi hiyo kwa kitu kipya.

Mizigo ya barua kutoka ng'ambo hupitia Nairobi, ikashuka Mombasa, kisha ikavuka kivuko cha Likoni kama abiria wengine. Barabara ya Dongo Kundu haikuwapo. Kutoka Likoni barabara huelekea kusini hadi Lunga Lunga mpakani mwa Tanzania. Penye makutano ya Kombani, tawi moja hupanda mlima kwenda Kwale na Kinango, na jingine huendelea Ukunda na Msambweni. ShipIt iliwataka waagizaji wavumilie wiki kadhaa, nyakati nyingine hadi wiki kumi.

Wiki kumi zinaonekana nyingi mpaka zilinganishwe na njia ya pili. Modemu ya simu ya enzi hizo iliweza, kwa nadharia, kupokea kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, bila laini kukatika hata mara moja, megabaiti 700 zingechukua takriban saa 28. Laini nyingi hazikufikia kasi hiyo, na simu ilitozwa kwa dakika. Hadi mwaka 2004, mlango mkuu wa intaneti ya Kenya kuelekea ulimwengu ulikuwa mmoja tu, Jambonet ya Telkom Kenya, na data yote ilipanda kwenye setilaiti. Kwa mwenye kompyuta Msambweni, bahasha ilikuwa na kasi kuliko waya.

Mambo yalibadilika mwaka 2009. Mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah ulitua Mombasa mwezi Juni, na ule wa SEACOM ukaanza kazi Julai. Yaani nyaya zilizokuja kuondoa haja ya bahasha zilitokea baharini ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni. Kuvuka zenyewe hadi vijijini Kwale, hata hivyo, kulikuwa jambo jingine.

<b>Kilichokuwa ndani ya kasha</b>

Makasha ya mwanzo yalikuwa na sidii mbili: moja ya kuujaribu mfumo na nyingine ya kuusakinisha. Tangu toleo la Juni 2006, kazi zote mbili ziliwekwa katika sidii moja. Mwagizaji alichagua pia aina ya mashine, maana sidii ya kompyuta za kawaida haikuendesha Mac za zamani, na kinyume chake. Aliyekosea kujaza fomu alingoja miezi miwili apate sidii nzuri isiyomfaa.

Sidii ya kujaribu ndiyo iliyowashangaza wengi. Mtu aliitia katika kompyuta, akaiwasha upya, na mfumo ukaendeshwa kutoka kwenye sidii yenyewe bila kugusa chochote kilichohifadhiwa ndani. Akiitoa na kuiwasha tena mashine, anakuta kila kitu kilivyokuwa. Kwa fundi wa kompyuta, hicho kilikuwa chombo cha uokozi. Mashine iliyolemewa na virusi hata ikashindwa kuwaka iliamshwa kwa sidii, na nyaraka za mwenyewe, ziwe hesabu za duka au alama za wanafunzi, zikanusurika kabla ya kufuta kila kitu.

Virusi ndivyo vilivyokuwa adha kubwa ya kompyuta zisizo na intaneti, jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Mashine iliyojitenga na mtandao haikuwa salama. Virusi viliingia kwa diski na baadaye kwa flashi, ilhali dawa ya kuvizuia ilihitaji kusasishwa kila mara kupitia intaneti ambayo mwenyewe hakuwa nayo. Virusi vingi viliandikiwa Windows, kwa hiyo vilipokutana na Linux vilikaa tu bila madhara.

Kwa shule, toleo la Edubuntu, lililoanza Oktoba 2005, lilikuwa na faida ya ziada. Lilikuja na programu za masomo, na lilikuwa na uwezo wa kuifanya kompyuta moja yenye nguvu iendeshe kadhaa dhaifu zilizounganishwa nayo kwa nyaya. Mashine kuukuu zisizo hata na diski kuu ziliweza kutumika kama vioo na kibodi tu. Wafadhili waliziletea shule za Kenya kompyuta zilizokwisha kutumika, likiwamo shirika la Computers for Schools Kenya lililoanzishwa mwaka 2002, na shirika la Camara la Ireland lililokuwa na kituo Mombasa. Mashine za namna hiyo zilihitaji programu isiyodai leseni mpya kwa kila moja, kwa sababu ada ya leseni ingeweza kuupita ugharama wa mashine yenyewe.

Umeme ulikuwa kikwazo cha kwanza kabla ya hayo yote. Shule nyingi za msingi za Kwale ziliunganishwa na umeme baada ya mwaka 2013 tu, serikali ilipokuwa ikijiandaa kugawa vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi. Wakati huo ShipIt ilikuwa imekwisha kufungwa.

<b>Kasoro zake</b>

Ingekuwa kuupamba ukweli kusema kwamba sidii za posta zilimaliza tatizo. Kuna kasoro mbili zilizomuumiza hasa mtu asiye na intaneti, yaani yule yule aliyelengwa.

Kwanza, Ubuntu haikuweza kucheza nyimbo za MP3 mara tu ilipotoka kwenye sidii. Teknolojia ya MP3 ililindwa na hataza katika baadhi ya nchi, kwa hiyo wasambazaji waliiacha nje, na mtumiaji akatakiwa kuipakua mwenyewe kwenye mtandao. Kijana aliyesakinisha mfumo mpya nyumbani akaona taarab na nyimbo zake zote zimenyamaza, hangeshawishika kwa hotuba kuhusu uhuru wa programu. Wengi hurudi kwa Windows ya kunakili kwa sababu ndogo za aina hiyo.

Pili, modemu nyingi za bei nafuu zilitegemea programu za Windows kufanya kazi, na Linux haikuzitambua. Ikawa kitendawili: ili modemu ifanye kazi ilibidi kupakua kiendeshi, na ili kupakua kiendeshi ilihitajika modemu. Wajuzi walipata njia kwa kutumia programu ya AptOnCD, iliyokusanya vifurushi vilivyopakuliwa kwenye kompyuta moja na kuviweka katika sidii kwa ajili ya nyingine. Hiyo nayo ilikuwa ni bahasha, ila ya kienyeji, kutoka kwa mwenye mtandao kwenda kwa asiye nao.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa shida ya tatu, japo ndogo. Sidii ya mwaka 2006 ilitaka takriban megabaiti 256, na kompyuta nyingi za mitumba zilikuwa na nusu ya hapo au chini yake.

<b>Kiswahili ndani ya sidii</b>

Sidii zilizofika kwa posta zilizungumza Kiingereza kwanza. Tafsiri ya Kiswahili ya Ubuntu ilitegemea watu wa kujitolea na haikuwahi kukamilika. Kazi iliyopiga hatua zaidi ilifanyika ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux, kwa ushirikiano na kampuni ya Uswidi ya IT+46, ulitafsiri programu za ofisi za OpenOffice. Matokeo yake, Jambo OpenOffice, yalitolewa Desemba 2004. Iliwezekana kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria. Hakuna aliyehitaji kuomba kibali cha makao makuu ya kampuni yoyote ili menyu isomeke kwa Kiswahili.

Wanafunzi wa Kenya waliofundishwa kusema tarakilishi wangekutana humo na kompyuta. Mvutano huo wa istilahi kati ya Nairobi na Dar es Salaam haujaisha, na pengine si lazima uishe. Faili lilibaki faili pande zote mbili.

<b>Mwisho wa ShipIt</b>

Oktoba 2009, Canonical ilianza kupunguza maombi ya watu waliokuwa wakiagiza kila toleo jipya, ikiwataka wapakue au wawasiliane na vikundi vya watumiaji katika nchi zao. Aprili 2011 ilitangaza kwamba ShipIt imefungwa, baada ya kutuma mamilioni ya sidii duniani. Sababu iliyotolewa ni kuwa gharama ilikuwa kubwa na upakuaji ulikuwa umerahisika.

Kwa mwenye intaneti ya kasi, sababu hiyo ilieleweka. Kwa asiye nayo, njia ilizibwa kabla ya ile nyingine kufunguka. Nchini Afrika Kusini, wakfu wa Shuttleworth ulikuwa umejaribu njia ya kati: vibanda vilivyoitwa Freedom Toaster, ambapo mtu alifika na sidii tupu akanakili programu huria aliyoitaka. Ni wazo la Fluegelman lile lile, bila stempu.

Leo kompyuta nyingi mpya hazina hata mlango wa sidii, na Ubuntu ya mwaka 2024 ina ukubwa wa takriban gigabaiti sita, karibu mara tisa ya sidii ya zamani. Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu ya masharti ya vifaa. Edubuntu, iliyokuwa imeachwa kwa miaka kadhaa, ilirejea mwaka 2023. Leseni haijabadilika: nakala moja iliyopakuliwa Diani, penye mtandao wa kasi, inaruhusiwa kutiwa katika flashi na kusakinishwa katika kila mashine ya shule ya Msambweni au Lunga Lunga. Matatu kutoka Ukunda hufika huko siku hiyo hiyo.